Waogaji Ishirini na Sita

Jumanne, saa moja na dakika ishirini asubuhi, sajenti mstaafu alikuwa uani mbele ya kioo kidogo kilichotundikwa kwenye msumari, ananyoa ndevu. Shavu la kulia lilikuwa limekwisha, la kushoto lilikuwa bado jeupe kwa povu. Redio ilikuwa dirishani. Mkewe, fundi wa nguo ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa ndani akishona sketi za shule, na kila alipokanyaga pedeli ya cherehani ya umeme redio ilikwaruza kidogo.

Mtangazaji alikuwa anasoma orodha ya vikosi vitakavyopita kwenye gwaride la wastaafu mwezi ujao. Alianza na askari wa miguu, akaja mizinga, wanamaji, jeshi la anga, matabibu, madereva na bendi. Akasoma kikosi cha mbwa, pamoja na idadi ya mbwa ambao bado wako hai. Sajenti aliacha kunyoa, akangoja wembe ukiwa hewani. Baada ya mbwa mtangazaji alisema hiyo ndiyo orodha kamili, akaweka tangazo la sabuni.

Hapo ndipo mkono wa kulia wa sajenti ulipopanda. Ulipanda wenyewe, kwa mwendo sahihi, kiwiko usawa wa bega, vidole vimebanana na kugusa ukingo wa unyusi, wembe ukiwa bado umebanwa kwa dole gumba. Ukakaa hapo. Sajenti alijaribu kuushusha mara mbili, kisha akaita kwa sauti ya kawaida.

"Mama watoto, njoo unitolee wembe."

Fundi alikuja na utepe wa kupimia shingoni. Aliutazama mkono, akautoa wembe taratibu, na kwa kuwa povu lilikuwa linaanza kukauka akamalizia shavu la kushoto.

"Unauma?"

"Hauumi. Umesimama tu."

"Basi kaa unywe chai."

"Mtu hakai akiwa amepiga saluti."

Fundi alimwambia huko jeshini labda, lakini nyumbani kwake watu hunywa chai wamekaa. Sajenti akakaa. Mkono haukupinga. Kabla ya saa nne Fundi alikuwa ameshalifumua shati moja kuanzia kwapani hadi mkononi na kulitia vifungo, na mumewe akaweza kuvaa na kutoka nje kama watu wengine.

Nje alikuwepo koplo, naye mstaafu, wa askari wa miguu. Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mfupi uliofika kifuani, na kwa miaka ishirini na miwili walikuwa wameegemea ukuta huo kila mmoja upande wake wakibishana. Sajenti alikuwa wa Kikosi cha Madaraja. Alisema kazi ya askari wa miguu ni kutembea, na kutembea hata punda anatembea. Koplo alisema watu wa Madaraja walikuwa maseremala waliovishwa kofia. Ukweli ni kwamba hakuna aliyempita sajenti kwa kujivunia kikosi. Hakuwahi kuvuka daraja lolote bila kuligonga kwanza kwa kisigino mara tatu na kusikiliza. Kwenye harusi ya binti yao alitoka ukumbini katikati ya hotuba kwenda kuupanga upya ubao uliowekwa juu ya mtaro. Ndani ya koti lake Fundi alikuwa amemtarizia alama ya kikosi, tao na mstari wa maji chini yake. Ilikaa upande wa ndani kwa sababu upande wa nje ilikatazwa.

Koplo aliutazama mkono.

"Leo umemjua mkubwa wako," akasema. "Sajenti kumpigia saluti koplo! Endelea, endelea."

"Ungekuwa unapigiwa wewe, ungeshashuka zamani kwa aibu."

Walicheka wote wawili, na koplo akarudi kupaka geti lake rangi.

Kwenye zahanati daktari alikuwa msichana mwenye miwani, mwenye haraka. Aligusa kiwiko, akagusa bega, akarudi kuketi.

"Ni saluti," alisema. "Mwaka jana nilipata wawili, wote wanamaji. Haishuki mpaka ijibiwe na afisa wa kikosi chako. Awe hai. Wafu hawana ruhusa ya kujibu." Akaandika kwenye karatasi: afisa mmoja, Kikosi cha Madaraja, mara moja, baada ya kula.

"Kwa nini baada ya kula?" Fundi aliuliza.

"Dawa ni baada ya kula, mama."

Wakaenda na karatasi hiyo kwenye ofisi ya wastaafu. Karani alikuwa mtu mpole mwenye kitabu kipana. Alikifungua, akapitisha kidole ukurasa mzima, akaugeuza, akapitisha tena.

"Madaraja hayapo, mzee."

"Tafuta kwenye M."

"Natafuta kwenye M. Kuna Matabibu, kuna Mbwa, kuna Mizinga. Una cheti chako?"

Sajenti alikuwa nacho, ndani ya bahasha, ndani ya mfuko wa nailoni. Karani alikisoma na uso wake ukachangamka.

"Mbona upo! Umeandikwa hapa. Mpishi, miaka kumi na tisa."

Fundi alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. "Huyu? Huyu aliwahi kuunguza maji."

"Waliandika wao," alisema sajenti.

Karani alitaka kusaidia. Alimwita meja mmoja wa askari wa miguu kutoka chumba cha pili, naye akaja na kikombe cha chai, akahamisha kikombe mkono wa kushoto, akajibu saluti. Mkono wa sajenti haukutikisika. Akaitwa luteni wa wanamaji, akajibu, na mkono ukakaza zaidi. Mwisho akaitwa kapteni wa jikoni, mama mnene mwenye buti zinazong'aa, ambaye kwa mujibu wa cheti ndiye hasa aliyehusika. Alijibu saluti vizuri kuliko wote. Vidole vya sajenti vilijikunja kana kwamba vimeguswa na moto, kisha vikanyooka tena palepale.

"Hata mkono unajua tofauti," alisema sajenti walipokuwa wanashuka ngazi.

"Unafurahi," alisema Fundi.

"Sifurahi."

"Unafurahi. Nakujua."

Ijumaa koplo alileta gazeti hadi ukutani. Alikunja ukurasa na kumwonyesha sajenti picha ya mzee mwenye koti la kijivu, mkono mmoja mfukoni. "Huyu si ndiye yule kanali wenu? Mwenyekiti wa kamati ya gwaride. Dawa yako hii hapa, tena iko mjini."

Sajenti alitazama picha, akasema ahsante, akaingia ndani bila kubishana. Fundi alikuwa anapiga pasi. Alimtazama mumewe akiwa amesimama mlangoni na saluti yake, akasubiri, na mumewe akamweleza jambo ambalo kwa miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kumweleza.

Mwaka ule mto ulikuwa umefura. Kikosi kilijenga daraja la vyuma kwa siku nne, na kilichobaki kilikuwa pini za kufungia viungo. Pini zilichelewa njiani. Kulikuwa na mgeni mkubwa aliyekuwa anakuja kupigwa picha akitazama jeshi linavuka. Kanali aliamuru viungo vifungwe kwa kamba. Sajenti alimwambia kamba haitahimili kombania inayotembea kwa hatua moja. Kanali akasema ameagiza kamba, hakuagiza maoni. Sajenti akasema ndiyo afande, akapiga saluti. Kanali hakuijibu, alikuwa ameshaingia kwenye gari. Sajenti akashusha mkono mwenyewe, jambo ambalo si sahihi, akaenda kufunga kamba.

Askari wa miguu walifika katikati wakiimba. Ishirini na sita hawakutoka majini. Mgeni hakuja, kwa sababu ya mvua. Wiki hiyohiyo kibao cha kikosi kiling'olewa, na kila mtu wa Madaraja akapewa cheti kipya: wengine madereva, wengine wapiga tarumbeta, yeye mpishi. Kikosi kilikuwa na maafisa watatu, na kufikia sasa wawili walikuwa wameshakufa, akabaki kanali. Familia ishirini na sita zilipata barua zinazofanana, kwamba kijana wao alifariki dunia akiwa anaoga mtoni.

Fundi alizima pasi.

"Na mdogo wake koplo, aliyeandikiwa kafa akioga?"

"Alikuwa wa saba kutoka mbele."

"Na umekaa naye ukuta mmoja miaka ishirini na miwili."

"Tulihamia hapa bila kujua."

"Siku ya kwanza alikusimulia, nami nilikuwepo."

"Basi, tangu siku ya kwanza nilijua."

Fundi aliikunja sketi aliyokuwa anaipiga pasi, akaikunjua, akaikunja tena. "Kesho tunakwenda kwa kanali," akasema. "Na kesho kutwa utakwenda kwa koplo. Huko utakwenda peke yako."

Nyumba ya kanali ilikuwa na zulia hadi kwenye ngazi. Kanali aliwapokea amesimama katikati ya sebule, amevaa koti lilelile la gazetini, mkono wa kulia mfukoni. Sajenti alipogeuka kumwelekea, mfuko huo uliruka. Uliruka kama kuna kuku ndani yake. Kanali aliukandamiza kwa mkono wa kushoto, akatabasamu.

"Nakukumbuka sana," alisema. "Mpishi hodari. Supu yako mpaka leo naihadithia."

"Afande, sijawahi kupika supu."

"Unaona? Unyenyekevu. Vijana wa siku hizi hawana."

"Afande, naomba ujibu."

"Nijibu nini?"

"Hii."

Mfuko uliruka tena, kwa nguvu zaidi, na bega la kanali likapanda nao. Kanali alirudi hatua moja. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, lakini sauti ilibaki ya mwenyeji mwema. "Nikiijibu hiyo," alisema polepole, "wataniuliza ni ya kikosi gani."

Mke wa kanali alikuwa ameingia na sinia la chai. Fundi hakuwa anaangalia chai. Alikuwa anaangalia mdomo wa mfuko, ambao ulikuwa umeshonwa kuuzunguka mkono, kwa sindano ya mkono, uzi mara mbili.

"Nani kashona?" aliuliza.

"Mimi," alijibu mke wa kanali. "Asubuhi akishavaa nashona, jioni nafumua. Huu ni mwaka wa thelathini na tatu."

"Uzi umechoka. Hapo pembeni utakatika."

"Hukatika. Nina mwingine."

Wanawake hao wawili walitazamana kidogo, kama watu wa kazi moja wanavyotazamana, kisha wageni wakanywa chai yao na kuaga. Kanali aliwasindikiza hadi mlangoni akitembea upande upande, ili asimkabili sajenti.

Jumapili asubuhi koplo alikuwa anang'oa majani kando ya ukuta. Sajenti alikuja upande wake mwenyewe wa ukuta, akasimama, akasema yote mfululizo, kama mtu anayetoa taarifa kwa mkubwa: mto, pini, kamba, amri, hatua ya kombania, wa saba kutoka mbele. Koplo hakumkatiza. Aliendelea kung'oa mpaka mwisho, halafu akasimama na kupangusa magoti.

"Mdogo wangu alikuwa anaogopa maji," alisema. "Tangu mtoto. Alioga kwa kopo, na kopo lenyewe alilijaza nusu. Mama alipoisoma ile barua alicheka kwanza. Alidhani wamekosea mtu."

"Sasa mbona hukuuliza?"

"Barua ilikuwa na muhuri wa kikosi changu." Koplo alitazama majani yaliyokuwa mkononi. "Kikosi changu hakiandiki uongo. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mama."

Kuku wa nyumba ya tatu alipita juu ya ukuta kati yao.

"Kamba ulifunga wewe?"

"Viungo kumi na vinne. Kwa mkono huuhuu."

"Mafundo yalifunguka?"

"Hapana," alisema sajenti upesi. "Mafundo yalishika. Kamba ndizo zilizokatika."

Aliyasikia maneno hayo yalipokuwa yameshatoka, na akasikia jinsi sauti yake ilivyonyooka ilipoyasema. Koplo naye alisikia. Aliyaweka yale majani juu ya ukuta, upande wa sajenti, akaingia ndani na kufunga mlango. Siku kumi na moja hawakusemezana. Mkono wa sajenti ulibaki juu. Watoto wa shule walipopita waliujibu, muuza maziwa aliujibu, na kila alipokwenda dukani wenye maduka walisimama kidogo kabla ya kumuuliza anataka nini.

Siku ya gwaride jua lilikuwa kali. Sajenti na Fundi walipata nafasi safu ya mbele, karibu na jukwaa. Watu waliokuwa karibu naye walidhani ana adabu kupita kiasi, na kufikia saa tano, kwa kuona haya, wengi wao walikuwa wamepiga saluti pia. Askari wa miguu walipita, koplo akiwa safu ya pili, medali zake zimepangwa vizuri, macho mbele. Ikapita mizinga. Wanamaji walipita wakiyumba kidogo, kwa sababu ardhi ilikuwa inawatikisa, na watu wa jeshi la anga walipita nyayo zao zikiwa kidole kimoja juu ya lami, jambo walilolipenda na kulionyesha. Wakaja matabibu, madereva, bendi, mbwa.

Baada ya mbwa mtangazaji alinyamaza. Alipewa karatasi, akaisoma kwanza kimoyomoyo, kisha akakaribia kipaza sauti.

"Na sasa wanapita waogaji."

Walikuwa vijana ishirini na sita, katika sare kamili, wamelowa chapachapa. Buti zao zilitoa sauti ya maji kila hatua. Walikuwa wamefika langoni saa kumi na mbili asubuhi, wakajipanga kimya, na kamati, kwa kuwa haikuona jina la kikosi chao kwenye orodha, ikaagiza majalada yao, ikasoma nakala za barua, ikawatafutia taulo. Kila mmoja alikuwa na taulo jeupe limekunjwa juu ya mkono wa kushoto. Walitembea kwa hatua moja, bila kukosea. Watu walipiga makofi sana.

"Hawa wanajua kutembea," alisema mama mmoja kando ya Fundi.

Jukwaani mfuko wa kanali uliruka hadi usawa wa kifua. Koti lote lilivutika upande mmoja. Mkewe, aliyekuwa ameketi kando yake na kofia pana, aliweka kiganja juu ya mfuko, akaukandamiza, akaendelea kutazama mbele. Uzi ulishika. Vijana wale walipofika mbele ya sajenti waligeuza macho kulia wote pamoja, kama inavyotakiwa mtu anapopigiwa saluti, wakapita. Hakukuwa na afisa kati yao. Mkono haukushuka.

Waogaji walikuwa wamepewa ruhusa hadi saa kumi na mbili jioni. Mdogo wake koplo alimkuta kaka yake nje ya uwanja, anavua kofia kwa sababu ya joto.

"Kaka. Umezeeka."

"Na wewe umelowa. Twende nyumbani."

Saa tisa koplo aligonga ukuta kwa ufunguo. Sajenti alitoka.

"Njoo," alisema koplo. Hilo lilikuwa neno la kwanza baada ya siku kumi na moja. "Ana jambo anataka kuuliza."

Kijana alikuwa ameketi kwenye kiti cha sebuleni kilichotandikwa nailoni, beseni chini yake likipokea maji. Alikuwa na miaka ishirini na masikio makubwa. Mkononi alikuwa na kikombe cha chai, na taulo lilikuwa kwenye mgongo wa kiti. Alipomwona sajenti alitaka kusimama, sajenti akamwashiria kwa mkono wa kushoto akae.

"Afande, kaka anasema lile daraja mlilijenga nyinyi."

"Sisi."

"Lilikuwa zuri sana," alisema kijana. "Mimi ni mtu wa kuogopa maji, waulize wote. Usiku wa kuamkia siku ile sikulala. Lakini nilipoliona nilisema, hapa hata mimi napita. Ndiyo maana nikaomba nikae mbele. Nilikuwa naimba kwa sauti kuliko wote."

Kwa miaka thelathini na mitatu hakuna mtu aliyewahi kumwambia sajenti neno moja kuhusu daraja lile, wala zuri wala baya, maana halikuwahi kuwepo. Maneno yalikuwa yameshafika kooni: kwamba vyuma vilipangwa kwa siku nne tu, kwamba hakuna kikosi kingine ambacho kingeweza, kwamba mstari wake ulinyooka hata ungeweka yai lisiviringike. Alimtazama koplo. Koplo alikuwa anatazama beseni.

"Halikuwa zuri," alisema sajenti. "Halikuwa na pini."

"Pini sisi hatukuzijua."

"Mimi nilizijua."

Kijana aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza saa na kuambiwa. Akamaliza chai yake. Halafu akamuuliza kaka yake habari za mama, na koplo akamwambia alifariki lini na alizikwa wapi, na walizungumza hayo kwa muda mrefu. Sajenti alikaa nao. Hakuna aliyemwambia aondoke. Saa kumi na mbili kasoro robo kijana alisimama, akawapa mkono wote wawili, koplo wa kulia, sajenti wa kushoto. Alikataa kusindikizwa.

Koplo alilimwaga beseni uani. Aliporudi aliligusa taulo kwenye mgongo wa kiti. Lilikuwa kavu kabisa.

Wiki iliyofuata magazeti yaliandika kwamba gwaride lilifana, na kwamba kuanzia mwaka ujao waogaji wataingizwa rasmi kwenye orodha, baada ya Mbwa. Ikaja pia barua ya kamati. Mataulo yalikuwa mali ya serikali na familia ziliombwa kuyarudisha, yakiwa yamefuliwa na kupigwa pasi, mrudishaji aje na shahidi. Fundi alilifua lile la kijana, akalipiga pasi, akalikunja mara nne. Koplo aliliweka chini ya kwapa, akagonga ukuta kwa ufunguo, na wazee hao wawili wakaenda pamoja.

Foleni ilikuwa ndefu na kila mtu alikuwa na taulo. Karani mpole alimpa koplo fomu. Palikuwa na mstari wa mrudishaji na mstari wa shahidi, na kila mstari ulitaka jina, cheo na kikosi. Koplo alijaza wake bila kufikiri, kama alivyoujaza mara mia maishani. Sajenti alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Alikuwa ameanza kujifunza kuutumia, na herufi zilitoka kubwa, zimelala huku na huku. Kwenye nafasi ya kikosi aliandika Madaraja. Neno lilitoka nje ya kisanduku.

Karani alilisoma. Akafungua droo, akatoa rula, akailaza, akalikata neno lile kwa mstari mmoja ulionyooka. Hakuwa na ubaya wowote. Alipuliza wino ukauke.

Koplo alikuwa anamtazama tangu alipofungua droo.

"Kata na langu," alisema.

"Lipi, mzee?"

"Hilo. Askari wa miguu. Kata."

Sajenti aligeuka kumtazama. Koplo alikuwa ameweka kidole juu ya fomu, juu ya jina la kikosi chake. Karani aliisoma fomu upya tangu juu, akafungua kile kitabu kipana kwenye A, akahakikisha.

"Hilo siwezi, mzee wangu," alisema. "Hilo lipo."

Koplo hakuondoa kidole. Karani alingoja, rula mkononi. Baada ya muda mama aliyekuwa nyuma yao alikohoa taratibu, naye akiwa na taulo lake ndani ya mfuko, na wazee wale wakasogea pembeni kumpisha.